Tanzia za Eldoret Zisiishie Kufungia Mahamri

Ami yangu aliondoka Mombasa akiwa kijana, akaenda Eldoret kuendesha malori, akafia huko na kuzikwa huko. Nyumbani hakuna aliyeandika tarehe. Babu naye akafariki, na siku ya kugawa nyumba ndipo swali likazuka: nani alitangulia, ami au baba yake?

Ndugu msomaji, si swali dogo. Katika mirathi ya Kiislamu, anayerithi ni aliyekuwa hai mwenye mali alipofariki. Ikiwa ami alifuata baada ya babu, fungu lake lilishathibiti, na linashukia wajane na watoto wake. Ikiwa alitangulia, hana fungu, na watoto wake wanazuiwa na ami zao walio hai. Tarehe moja yaweza kumpa yatima haki au kumkosesha.

Jibu tulilipata Eldoret, katika kipande cha gazeti alichokihifadhi mzee mmoja wa msikitini. Wafanyakazi wenzake ami walikuwa wametoa tanzia. Tarehe ilionyesha kuwa aliishi miezi minne baada ya babu. Kwa tarehe hiyo tukajua pa kutafuta cheti cha kifo, na kwa cheti Kadhi akaamua. Watoto wakapata chao.

Tangu siku hiyo, kila niendapo Sisibo huketi na vijana wachache wanaojitolea kutengeneza faharasa ya tanzia. Kazi yenyewe ni hivi. Tunapiga picha tanzia nzima pamoja na jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Mtu wa kwanza anaandika jina la marehemu, la baba yake, siku ya kufariki, mahali alipozikwa na jamaa waliotajwa. Wa pili anaandika upya bila kutazama kazi ya mwenzake. Wakitofautiana, wa tatu anarudi kwenye picha na kuamua.

Mitego ni mingi. Mohamed, Muhammad na Mohammed huenda ni mtu mmoja, kwa hiyo tunaandika jina kama lilivyochapishwa, kisha pembeni tunaweka tahajia moja ya kutafutia. Tarehe ya gazeti si tarehe ya kifo. "Kaka" aweza kuwa mtoto wa ami. Na walio hai waliotajwa katika tanzia hatuwaanikii hadharani. Wana haki ya faragha yao.

Kuna chanzo kingine wengi hawakijui: Gazeti Rasmi la Kenya. Mtu akiomba kusimamia mali ya marehemu katika Mahakama Kuu ya Eldoret, tangazo hutolewa humo likitaja jina, makazi na tarehe ya kifo, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka kwenye intaneti.

Wenzetu wametutangulia. FamilySearch, yenye makao Salt Lake City, ina watu wa kujitolea duniani kote wanaonakili kumbukumbu kama hizi. Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908, posta ikafunguliwa 1910, reli ikafika Eldoret 1924. Leo wapo wanaojitolea kukusanya majina ya Wazungu waliowahi kuishi Afrika Mashariki, kutoka magazeti hadi mawe ya makaburi. Mjukuu wa mlowezi aweza kumtafuta babu yake akiwa Johannesburg. Mjukuu wa dereva kutoka Kibokoni ataanzia wapi?

Na sisi Waislamu tuna pengo letu. Maiti huzikwa upesi, habari hutangazwa msikitini au kwenye simu, na gazetini haifiki. Ujumbe wa simu hufutika. Ndiyo maana tanzia pekee hazitoshi. Lazima msikiti nao uwe na daftari la maziko.

Faharasa si ushahidi wa mwisho, kwani tanzia nazo hukosea. Inakuonyesha tu mlango wa kubisha. Lakini bila hiyo, wengi hawajui hata mtaa.

Kwa hiyo nakuomba: leo, kabla msiba haujabisha, chukua daftari. Andika jina la jamaa yako aliyefia bara, jina la baba yake, siku aliyofariki, mahali alipozikwa, na nani alikueleza. Ukikuta tanzia ya zamani, ipige picha kabla haijafungia mahamri. Huenda kuna yatima anayeisubiri.