Nati ya stenlesi ikigoma kwenye nguzo ya dishi, tatizo lilianza siku ya kufunga

Inang'aa, haina hata doa la kutu. Lakini ukiikamata kwa spana inazunguka robo, inalia, kisha inagoma. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Ukiongeza nguvu bolti inakatika, na wewe uko juu ya ngazi.

Hali hii huwakuta watu waliotoa bolti za zamani kwenye dishi, antena ya king'amuzi au antena ya intaneti, wakaweka za stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, wakiamini wamemaliza matatizo. Kutu kweli wameimaliza. Kukwama bado.

Kwa mkazi wa Ruhuwiko na Songea kwa ujumla, jambo hili lina msimu wake. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Upepo unaotangulia mvua unaweza kulisogeza dishi, na hapo mtu anapanda haraka kulirekebisha kabla mawingu hayajafika. Dishi la sentimita 90 likisogea digrii mbili tu, picha inaweza kupotea. Kama nati zimegoma, kazi ya dakika kumi inageuka kuwa kazi ya kukata chuma juu ya bati linaloteleza.

Habari njema ni kwamba kinga ipo, ni rahisi, na haihitaji fedha nyingi. Sharti lake ni moja: ifanyike kabla nati haijazungushwa.

Si kutu, ni chuma kuungana na chuma

Bolti ya chuma cha kawaida ikikwama, mara nyingi ni kutu imejaa katikati ya nyuzi, zile mikunjo ambazo nati inazifuata. Hilo huchukua miezi au miaka. Unapuliza mafuta ya kulegeza kutu, unasubiri, na huenda ikaachia.

Stenlesi ni tofauti. Inaweza kugoma dakika ileile unapoifunga, ikiwa mpya kabisa kutoka dukani.

Sababu yake iko kwenye sifa ileile tunayoipenda. Chuma hiki, ambacho Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alikitengeneza mwaka 1913, kina madini ya kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba ajabu, mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Utando huo ndio unaozuia kutu. Ukichubuka, unajirudisha wenyewe mradi hewa ipo.

Sasa, ndani ya nati iliyokazwa hewa ni kidogo na mgandamizo ni mkubwa. Nyuzi zinasuguana, utando unachubuka, na chuma kitupu kinagusana na chuma kitupu cha aina ileile. Vinashikana. Ukiendelea kuzungusha, vipande vidogo vinang'oka na kujikunja kama vidonge, navyo vinazidi kukaba. Kwa lugha nyepesi, bolti na nati zimejichomelea zenyewe bila moto.

Joto linaongeza tatizo. Stenlesi hupitisha joto kwa takriban theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto la msuguano linabaki palepale kwenye nyuzi. Ndiyo maana nati iliyokazwa kwa mashine ya umeme inagoma kuliko iliyokazwa kwa mkono.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini mafuta yanayopulizwa baada ya nati kugoma mara nyingi hayasaidii. Hakuna kutu ya kulegeza.

Mambo sita ya kufanya ukiwa bado chini

1. Soma kichwa cha bolti. Bolti halisi ya stenlesi huwa na alama kama A2-70 au A4-80. A2 inatosha kwa Songea, ambako hakuna chumvi ya bahari. Ukifunga antena Mtwara, Dar es Salaam au Zanzibar, karibu na pwani, tafuta A4. Kama hakuna alama, jaribu sumaku: stenlesi ya aina hizi ama haishiki sumaku au inashika kidogo sana. Bolti inayong'aa lakini inang'ang'ania sumaku huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki.

2. Safisha nyuzi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuanzisha mchubuko. Nati ikidondoka kwenye vumbi, usiipachike hivyohivyo. Ipige mswaki, ifute, ipulize. Bolti yenye nyuzi zilizogongwa au kupinda iweke kando.

3. Paka kilainishi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kilicho bora ni grisi maalumu ya kuzuia kukwama, ambayo ndani yake ina unga laini wa metali kama nikeli. Ulizia kwenye maduka ya spea za magari. Ukiikosa, grisi ya kawaida ya magari ni bora mara nyingi kuliko nyuzi kavu. Hata nta ya mshumaa au ya nyuki ikisuguliwa kwenye nyuzi inasaidia, na si jambo la kubahatisha: zipo nati za stenlesi zinazouzwa zikiwa tayari zimepakwa nta. Mafuta ya kupikia usitumie, yakikaa juani yanageuka kuwa gundi.

Paka kwenye nyuzi za bolti na pia sehemu ya nati inayokaa juu ya washa. Tabaka jembamba linatosha.

4. Anza kwa vidole. Nati ya kawaida ikiwa safi na imepakwa grisi inapaswa kuteremka kwa vidole tu hadi iguse washa. Kama vidole vimeshindwa, usilete spana. Irudishe, angalia kama imeingia upande, safisha tena. Fanya jaribio hili chini kwa bolti zote, moja moja, kila nati na bolti yake.

5. Kaza polepole, kwa mkono. Weka mashine ya umeme pembeni. Bolti ndogo za antena kwa kawaida ni za spana namba 10 au 13, na spana fupi inazitosha. Usiongeze bomba kwenye mpini ili upate nguvu. Kumbuka pia kuwa nyuzi zenye grisi zinateleza, hivyo nguvu uliyozoea kutumia kwenye nyuzi kavu itakaza kupita kiasi. Kwenye bolti yenye umbo la U inayokumbatia nguzo, kaza upande huu kidogo, kisha upande ule kidogo, hadi zote zilingane. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, nati inakaa kombo na nyuzi zinabeba mzigo upande mmoja.

6. Changanya aina za chuma. Vitu viwili vya aina moja ndivyo vinavyoshikana haraka. Bolti ya A2 na nati ya A4 hazigomi kirahisi kama A2 na A2, ingawa grisi bado inahitajika. Kuwa makini pia na nati zile zenye pete ya plastiki ndani. Ni nzuri kwa kuzuia nati isilegee kwa upepo, lakini pete hiyo inaongeza msuguano na joto kila unapozungusha. Ukizitumia, paka grisi vizuri na zungusha taratibu, ukipumzika katikati.

Mabano ya alumini yana shida yake

Baadhi ya antena huja na mabano ya alumini. Stenlesi ikikaa pamoja na alumini, kisha maji ya mvua yakaingia katikati, alumini inaanza kuliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti. Unga huo unajaza tundu na kubana bolti ndani yake, hasa pale bolti inapoingia moja kwa moja kwenye nyuzi za alumini.

Hapa grisi inafanya kazi mbili: inalainisha na inazuia maji. Ila epuka grisi yenye shaba, ile ya rangi ya kahawia inayong'aa, kwa sababu shaba inaongeza kuliwa kwa alumini. Washa ya plastiki ngumu kati ya stenlesi na alumini nayo inasaidia.

Kwenye nguzo ya bomba lililopakwa zinki hofu ni ndogo. Bolti ni ndogo na bomba ni kubwa, hivyo uharibifu unasambaa na kwenda polepole sana.

Kama imeshaanza kugoma

Dalili ya kwanza huja mapema: nati inakuwa nzito ghafla, au inatoa mlio. Simama hapohapo. Watu wengi huharibu wakati huu, wanasukuma wakidhani ni uchafu kidogo.

Iache ipoe dakika chache. Weka mafuta kwenye nyuzi zinazoonekana. Kisha rudisha kidogo, songa kidogo, rudisha tena, bila kutumia nguvu nyingi. Ikitoka, usiirudishie tena bolti hiyo wala nati yake. Nyuzi zimeshachubuka na zitagoma tena.

Kama haisogei kabisa, kubali kwamba itakatwa. Lakini kwanza lifunge dishi au antena kwa kamba kwenye nguzo, ili isidondoke kwa mtu aliye chini. Kama nguzo inashushika, ishushe ukate ukiwa ardhini. Ukilazimika kukata juu, msumeno wa chuma ni salama kuliko grenda ukiwa kwenye ngazi. Cheche za grenda zina vipande vya moto vya chuma, vikitua kwenye bati vinanasa na kuacha madoa ya kutu, na vikiruka machoni ni hospitali. Vaa miwani. Anayeshika ngazi awepo muda wote.

Usivutane na nati iliyogoma ukiwa umesimama kwenye ngazi. Siku bolti ikikatika, mwili wako wote unafuata spana. Na radi ikisikika hata kwa mbali, shuka. Nguzo ya chuma juu ya paa si mahali pa kuwa wakati huo. Ukishusha au kusimamisha nguzo, hakikisha haiwezi kufikia nyaya za umeme hata ikianguka.

Cha kumwambia fundi wako

Kama unalipa fundi, huhitaji kumfundisha kazi. Muulize maswali mawili kabla hajapanda: nyuzi zimepakwa grisi? Na atakaza kwa mkono au kwa mashine? Majibu yake yatakuonyesha kama mwakani dishi litafunguka au litakatwa.

Halafu tenga siku moja mwezi Oktoba, bati likiwa kavu na mvua hazijaanza. Legeza kila nati nusu mzunguko, ongeza grisi kidogo, kaza tena. Moja ikionyesha dalili ya kugoma, ibadilishe siku hiyohiyo pamoja na bolti yake. Nunua mbili za akiba uziweke kwenye kopo lenye mfuniko, na grisi yake pembeni.