Barabara zinapanuliwa, foleni iko palepale: Dar inakwama wapi?

Kama unaishi Kibamba, Chanika, Bunju au Mbagala na kazi yako iko Posta au Kariakoo, huhitaji kusimuliwa. Unatoka giza, unarudi giza. Jioni wengine "wanageuza na gari": wanalipanda likiwa linaelekea mwisho wa safari, wanalipa nauli mara mbili, ili tu wapate siti ya kurudia nyumbani.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Daraja la juu la Tazara lilifunguliwa 2018, la Ubungo 2021, na Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa hadi njia nane. Sasa mbona foleni haiishi?

Watu wanalala pembezoni, kazi ziko katikati

Sensa ya 2012 iliikuta Dar ikiwa na watu milioni 4.36. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Yaani ndani ya miaka 10 jiji limeongeza watu milioni moja na ushee.

Wengi hawakwenda kukaa Upanga. Walifuata viwanja vya bei wanayoimudu, na viwanja hivyo viko mbali. Lakini soko la Kariakoo, bandari, Muhimbili na ofisi nyingi zimebaki kulekule mjini. Kila asubuhi umati huo unajibana kwenye barabara kuu nne: Morogoro, Nyerere, Kilwa na Bagamoyo. Jioni zoezi linajirudia, kinyumenyume.

Barabara pana huita magari

Barabara ikipanuliwa, miezi ya mwanzo ni raha. Kisha aliyekuwa anaacha gari nyumbani anaanza kulitoa. Aliyekuwa anasita kununua kiwanja mbali anaona sasa panafikika, ananunua. Baada ya muda njia zilizoongezwa nazo zinajaa.

Daraja la juu nalo lina kazi yake: linaondoa msongamano kwenye makutano yale. Ila magari yanayopita chapu hapo yanakwenda kukutana na taa zinazofuata. Foleni haijafa, imehama.

Na upanuzi una gharama yake. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kupisha barabara. Kuna familia zilianza maisha upya. Ndiyo maana kuuliza kama njia hii inalipa si ubishi wa kijiweni.

Mwendokasi: njia ipo, basi liko wapi?

Mwendokasi ulianza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, jumla kama kilomita 21. Wazo lenyewe ni zuri: basi moja refu linabeba watu ambao wangejaza magari madogo mengi, na lina njia yake, halisubiri foleni.

Lakini njia peke yake haibebi mtu. Piga hesabu. Tuseme basi linabeba watu 150. Likipita kila dakika 3, ni mabasi 20 kwa saa, sawa na abiria 3,000. Likipita kila dakika 15, ni mabasi manne tu, abiria 600. Lami ni ileile, lakini watu 2,400 wamebaki kituoni. Huduma ilianza na mabasi 140, na basi likiharibika bila kutengenezwa au kupata mbadala, wa kwanza kuliona pengo ni abiria wa Kimara.

Ongeza na mvua. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, bonde la Mto Msimbazi. Mto ukifurika, mara kadhaa barabara imefungwa na safari zikakatika.

Kilomita mbili za mwisho

Ukishuka kituoni safari haijaisha. Mitaa mingi ya pembezoni ilijengwa kabla ya kupimwa, kwa hiyo njia ni nyembamba na daladala haingii. Inabaki bodaboda. Nauli ya boda ya kilomita mbili inaweza kuzidi ya basi lililokutoa mjini. Asiye nayo anatembea, na kwa dada anayetoka kazini saa tatu usiku, hiyo ni hatari.

Kwa hiyo tuulize nini?

Ukisikia mradi mpya wa barabara umezinduliwa, usiishie kwenye idadi ya njia. Uliza mabasi yatapita kila baada ya dakika ngapi. Uliza anayekaa ndani mtaani atafikaje kituoni. Na uliza kama soko kubwa, hospitali na ofisi za huduma zitasogezwa Mbezi, Chanika na Mbagala.

Hilo la mwisho ndilo zito. Mtu anayepata huduma na kazi karibu na kwake hahitaji barabara ya njia nane. Na kabla viwanja vya Kibamba na Chanika havijaisha, bado kuna nafasi ya kutenga maeneo hayo bila kubomoa nyumba ya mtu.