Kigezo cha Kumpendekezea Mtumiaji Mzoefu Distro ya Linux

Mapendekezo mengi ya distro, yaani mkusanyo wa kiini cha Linux na programu zinazoambatana nacho, huzingatia wepesi wa kusakinisha. Kigezo hicho humfaa mwanagenzi. Kwa mtumiaji mzoefu, makala hii inashikilia kuwa kigezo cha msingi ni utaratibu wa masasisho: mabadiliko huingia lini, na nani hubeba mzigo wa kuyakagua.

Distro tatu zinadhihirisha tofauti hiyo. Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, hutoa toleo thabiti takribani kila baada ya miaka 2. Katika kipindi hicho programu hubaki zilivyo, isipokuwa kwa marekebisho ya usalama na ya kasoro kubwa. Fedora hutoa toleo jipya takribani kila miezi 6, na kila toleo huhudumiwa kwa takribani miezi 13. Arch Linux, iliyoanzishwa mwaka 2002, husasishwa mfululizo, na mtumiaji hutarajiwa kusoma matangazo ya mradi kabla ya kusasisha.

Hivyo basi, uzoefu peke yake hauelekezi kwenye Arch. Msimamizi wa seva ya hospitali huenda anajua kurekebisha hitilafu, lakini wagonjwa hawawezi kumsubiri. Huyo anafaa kupendekezewa Debian. Mtayarishaji programu anayehitaji zana mpya katika kompyuta yake binafsi atanufaika na Fedora, au Arch iwapo yu tayari kutenga muda wa matengenezo. Anayependekeza aulize kwanza: sasisho likiharibu mfumo, ni kazi ya nani itakayosimama, na kwa muda gani?