Mtoto aliyenyamaza ndiye atangulie



Juma lililopita mama mmoja wa Kadutu alitusimulia usiku wake hospitalini. Ameturuhusu tuwaandikie, bila kutaja jina lake wala la hospitali.

Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa na homa tangu asubuhi. Saa tatu za usiku akaanza kulegea. Mvua ilikuwa inanyesha, moto zilikuwa chache, na dereva akadai bei ya usiku. Walipofika, benchi lilikuwa limejaa. Aliambiwa anunue fishi kwanza, kisha angoje. Kando yake mtoto mwingine alikuwa akilia kwa nguvu, huyo akaitwa. Wa kwake alikuwa kimya mgongoni ndani ya kikwembe, naye mama akasema moyoni, "Afadhali, amepata usingizi."

Haukuwa usingizi. Muuguzi aliyekuwa akipita alimgusa miguu, akakuta ni baridi, akamchukua mbio kumpeleka ndani. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini walikuwa wamekaa pale karibu muda wa saa mbili.

Ni nani kati yetu hajakaa kwenye benchi la namna hiyo?

Tusidhani kwamba kungoja ni kwa Bukavu tu. Uingereza, nchi tajiri ambako mgonjwa wa dharura halipi mlangoni, serikali ilipanga kwamba wagonjwa 95 kwa 100 wamalize chumba cha dharura ndani ya saa 4. Tangu 2015 lengo hilo halijafikiwa. Kwa hiyo mstari upo kila mahali. Neno kubwa ni hili: nani anatangulia katika mstari huo?

Sokoni, aliyefika kwanza hununua kwanza. Kwenye dharura haipaswi kuwa hivyo. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba kila mtoto atazamwe mara tu anapofika, kabla ya karatasi, na awekwe katika moja ya makundi matatu: wa kutibiwa palepale, wa kutangulizwa, na anayeweza kungoja. Huko Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilipanga upya mapokezi ya watoto kwa njia hiyo. Mbele ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa, 10 hadi 18 walikuwa wanakufa. Baadaye wakawa 6 hadi 8. Ni mabadiliko makubwa, na yalianzia mlangoni.

Wamama, tusingoje mwenye kutuuliza. Tukiona moja ya dalili hizi, tusimame na tuiseme kwa sauti mbele ya muuguzi:

– mtoto hawezi kunywa wala kunyonya;
– anatapika kila kitu;
– ameshikwa na degedege;
– amelegea, au haamki anapoitwa;
– anapumua kwa shida;
– mikono na miguu ni baridi, au macho yameingia ndani baada ya kuhara.

Mwenye mimba anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana na kuona giza, au aliyeshikwa na degedege, naye asikalishwe kwenye benchi.

Kusema hivyo si kukosa adabu. Na wewe ambaye mtoto wako analia na ana nguvu, ukimwona aliyenyamaza kando yako, mwambie mama yake amwamshe. Ukiitwa, mpe nafasi yako. Kwa homa ndogo au kikohozi cha kawaida, tuanzie kituo cha afya cha karibu, tusijaze mlango wa hospitali kuu.

Kuna kungoja kwa namna ya pili: kungoja pesa. Marekani, sheria ya 1986 inakataza hospitali kuchelewesha kumpima mgonjwa wa dharura ili kumuuliza kwanza atalipaje. Ankara huja baadaye, na inaweza kuwa nzito, lakini haitangulii kipimo. Katiba yetu ya 2006 nayo, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Tuendelee kuidai kwa wakubwa wetu. Lakini usiku wa leo, mama anaulizwa pesa ya fishi.

Hapa vikundi vyetu vinaweza kufanya kitu. Wengi tuko ndani ya AVEC, na kila juma tunatia pesa ya mshikamano. Pesa hiyo iko wapi saa tano za usiku? Iko ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wa avenyu tatu. Mtoto hawezi kungoja funguo zikutane.

Tunaomba kila kikundi kiamue mambo matatu katika mkutano ujao: sehemu ndogo ya pesa ya mshikamano ikae kwa mama mmoja mwaminifu, iandikwe katika daftari, namba ya dereva wa moto anayekubali kutoka usiku ijulikane na wote, na wenye uwezo waingie katika mutueli ya afya kabla ya ugonjwa kufika.

Mama wa Kadutu ameahidi kuja nasi katika vikundi, kuwaonyesha wengine jinsi ya kugusa miguu ya mtoto. Anasema tangu siku ile haamini tena ukimya.