Miligramu 3 au 80? Hesabu ya Ushahidi wa Vyakula na Mimea Tiba ya Korea

Mwaka 2023 Korea Kusini iliuza nje takriban tani 44,000 za kimchi na kupata dola milioni 156 hivi. Mwaka huohuo iliagiza takriban tani 287,000, karibu zote kutoka China, kwa dola milioni 164 hivi. Ukigawa, kilo iliyouzwa nje ilileta kama dola 3.5, na kilo iliyoagizwa iligharimu senti 57 tu za dola. Pande zote mbili ni kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, lakini bei zinapishana mara sita.

Utafiti hauwezi kujitwalia sifa ya pengo hilo lote. Mishahara ya Korea ni mikubwa, na sehemu kubwa ya kimchi inayoagizwa huishia kwenye migahawa inayotafuta bei ya chini. Hata hivyo, Wakorea wameweka fedha nyingi katika kukipa chakula chao cha asili ushahidi wa kisayansi. Taasisi yao ya tiba ya jadi, KIOM, ilianzishwa mwaka 1994 na ipo Daejeon. Taasisi ya Dunia ya Kimchi ilianzishwa mwaka 2010 na ipo Gwangju. Kiwango cha kimataifa cha kimchi chini ya Codex, mkusanyo wa kimataifa wa viwango vya vyakula, kilipitishwa mwaka 2001.

Katika kazi hii, kugundua kwamba mmea fulani una kemikali yenye manufaa ndiyo hatua rahisi. Gharama na ugumu viko katika mambo matatu: kuhakikisha mmea ndio wenyewe, kupima kilichomo, na kupata watu wa kutosha wa kuujaribu kwa muda wa kutosha. Anayeruka moja kati ya hayo huahirisha gharama tu, na mara nyingi mnunuzi ndiye huja kuilipa.

Mzizi wa miaka sita

Jinsengi ya Korea, Panax ginseng kwa jina la kisayansi, haivumilii jua kali. Hulimwa chini ya vichanja vya kivuli vilivyoinamishwa, safu kwa safu. Ile ya kutengenezea hongsam, yaani jinsengi nyekundu, kwa kawaida huvunwa ikiwa na miaka sita. Shamba huandaliwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kupanda. Baada ya mavuno, vimelea vya kuozesha mizizi hubaki udongoni, na katika mashamba ya nchi kavu inaweza kuchukua miaka 10 au zaidi kabla jinsengi haijarudishwa. Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi huweza kutoa zao moja tu la jinsengi katika miaka 17 hivi, ingawa mazao mengine hulimwa katika kipindi cha kusubiri.

Katika soko la Geumsan, mji maarufu kwa biashara hii, jinsengi mbichi huuzwa kwa kipimo kiitwacho cha, ambacho ni gramu 750. Mzizi mbichi una maji takriban asilimia 75. Ili uwe hongsam hupikwa kwa mvuke, kisha hukaushwa hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 14. Kilo moja ya mizizi mbichi ina gramu 250 za kitu kikavu. Ukiacha unyevu wa asilimia 14, unabaki na gramu 290 hivi za hongsam. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito uliolimwa kwa miaka sita imeondoka na mvuke.

Kinachobaki kimebadilika pia. Kemikali zinazochunguzwa zaidi katika jinsengi ni saponini ziitwazo jinsenosidi. Joto huvunja baadhi yake na kuzaa nyingine, kama Rg3, ambayo katika mzizi mbichi ni haba sana. Ndiyo maana vipimo vya hongsam huangalia jumla ya jinsenosidi tatu: Rg1, Rb1 na Rg3.

Sheria ya vyakula vya afya ya Korea Kusini, iliyopitishwa mwaka 2002, inahitaji tarakimu mahali pa sifa. Malighafi ya hongsam lazima iwe na angalau miligramu 2.5 za jinsenosidi hizo tatu katika kila gramu. Ili bidhaa iruhusiwe kudai kwamba inasaidia kinga ya mwili na kupunguza uchovu, dozi ya siku lazima iwe na miligramu 3 hadi 80. Ikidai kusaidia wanawake waliokoma hedhi, kiwango huanzia miligramu 25.

Chukua malighafi ya kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, miligramu 2.5 kwa gramu:

- Dozi ya miligramu 3 inahitaji gramu 1.2 kwa siku. Gramu 290 zitakutosha siku 241.
- Dozi ya miligramu 25 inahitaji gramu 10 kwa siku. Gramu hizohizo zitaisha kwa siku 29.
- Dozi ya miligramu 80 inahitaji gramu 32 kwa siku. Hapo utapata siku tisa tu.

Ni mzizi uleule na shamba lilelile, lakini gharama ya siku inapanda mara 8 au hata mara 27 kutegemea dozi. Kopo linalosema tu "jinsengi safi ya miaka sita" halijakwambia kama umenunua kinga ya miezi minane au ya siku tisa. Miligramu ndizo zinazosema.

Hata miligramu hazimalizi maswali. Jinsenosidi kubwa kama Rb1 hazifyonzwi kwa urahisi. Bakteria wa utumbo huzikatakata na kuzigeuza kuwa kemikali ndogo iitwayo kompaundi K, na uwezo huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Watu wawili wanaweza kumeza dozi moja na damu zao zikapokea viwango tofauti. Kwa sababu hiyo, majaribio ya watu wachache hayatoshi.

Bilioni 30 za bakteria na gramu 6 za chumvi

Kimchi ina hesabu zake. Mwanzoni mwa kuchacha, bakteria wa jamii ya Leuconostoc hutawala na kutoa gesi inayoipa ule mchomo mwepesi ulimini. Asidi inavyoongezeka, wale wa jamii ya Lactobacillus huchukua nafasi. Ladha hufika kileleni asidi ikiwa kati ya asilimia 0.6 na 0.8, na Codex hairuhusu izidi asilimia 1. Katika kilele hicho, gramu moja huweza kuwa na bakteria milioni 100 au zaidi. Sahani ya gramu 300 hubeba basi angalau bilioni 30.

Gramu 300 kwa siku ndicho kiasi kilichotumika katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, la watu 22 wenye uzito uliozidi. Kila mmoja alikula kimchi mbichi kwa wiki nne na iliyochacha kwa wiki nne nyingine, akipumzika wiki mbili katikati. Uzito ulipungua katika awamu zote mbili, na iliyochacha ilifanya vizuri zaidi kwenye baadhi ya vipimo, ikiwemo sukari ya damu kabla ya kula. Hakukuwa na kundi lisilokula kimchi kabisa, kwa hiyo jaribio linaweza kulinganisha mbichi na iliyochacha, lakini haliwezi kusema kimchi yenyewe ilipunguza uzito kiasi gani.

Kuna pia suala la chumvi. Codex inaruhusu kimchi kuwa na chumvi asilimia 1 hadi 4. Gramu 300 za kimchi yenye asilimia 2 tu zina gramu 6 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku kutoka vyakula vyote. Sahani hiyo pekee imeshavuka mpaka. Anayetangaza bilioni za bakteria bila kutaja gramu za chumvi ametoa nusu ya hesabu.

Mwaka 2024 ulikuja utafiti mkubwa zaidi, wa watu 115,726 wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Waliokula kimchi mara moja hadi tatu kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa unene uliopitiliza, kwa takriban asilimia 11, kuliko wasiofikisha mara moja. Kwa waliokula mara tano na zaidi, faida hiyo ilianza kugeuka. Ukubwa wa utafiti huu unaleta uzito, lakini ulitazama watu jinsi walivyo bila kuwagawia chakula, hivyo hauthibitishi kwamba kimchi ndiyo iliyosababisha. Tena ulifadhiliwa na Taasisi ya Dunia ya Kimchi, na waandishi walilisema hilo wazi. Ufadhili wa aina hiyo haubatilishi matokeo, ila unamlazimu msomaji kusubiri timu nyingine iyarudie.

Bidhaa 32, halali 3

Mwaka 2015 ulionyesha kinachotokea jambo la kwanza kati ya yale matatu, kuhakikisha mmea ndio wenyewe, linapopuuzwa. Mzizi uitwao baeksuo, Cynanchum wilfordii, ulikuwa umevuma kama msaada kwa wanawake waliokoma hedhi. Wakala wa kuwalinda walaji wa Korea ulichukua bidhaa 32 sokoni na kuzipima DNA. Ni 3 tu zilizothibitika kuwa na baeksuo halisi pekee. Bidhaa 21 zilikuwa na mmea mwingine unaofanana nao, Cynanchum auriculatum, ama peke yake ama umechanganywa. Katika 8 zilizobaki, DNA haikuweza kutambuliwa.

Kishawishi kilikuwa cha kihesabu. Baeksuo huhitaji miaka miwili hadi mitatu shambani, na mmea ule mwingine hukomaa kwa mwaka mmoja na kuuzwa kwa karibu theluthi ya bei. Mizizi ikishakatwa na kukaushwa, jicho haliwezi kuitenganisha. Tafiti zote zilizofanywa juu ya baeksuo hazikumsaidia mwanamke aliyekuwa akimeza mmea usiohusika na tafiti hizo. Hisa za muuzaji mkuu wa malighafi ziliporomoka, na imani ya wanunuzi ikaporomoka nazo.

Won bilioni 300 na vitabu vya kale

Mwaka 2000 Korea Kusini ilitunga sheria ya kuchochea dawa mpya zitokanazo na mimea. Matunda yalionekana: Stillen, dawa ya kuvimba kwa utando wa tumbo inayotokana na mmea wa jamii ya pakanga, iliingia sokoni mwaka 2002. Dawa nane zilipata kibali kwa njia hiyo. Lakini ripoti ya wakaguzi wa serikali ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba zaidi ya won bilioni 300 zilikuwa zimetumika. Kwa kiwango cha won 1,200 kwa dola, hizo ni takriban dola milioni 250. Ukizigawa kwa dawa nane, kila moja inabeba zaidi ya dola milioni 30, ingawa fedha hizo ziligharamia pia miradi isiyozaa dawa. Soko la dunia lililotarajiwa halikufunguka.

Sababu mojawapo ni njia ya mkato. Kanuni ziliruhusu baadhi ya dawa zisamehewe sehemu ya vipimo vya usalama kwa kuwa mimea yake imo katika vitabu vya kale, kama Donguibogam, kitabu cha tabibu Heo Jun kilichochapishwa mwaka 1613. Ni hazina kubwa, na UNESCO iliiweka katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2009. Lakini kitabu kinachoeleza supu ya mizizi hakiwezi kuthibitisha usalama wa kidonge kilichokamuliwa kwa ethanoli na kukolezwa. Ndani ya nchi msamaha huo ulipunguza gharama. Mdhibiti wa nchi nyingine hakulazimika kuutambua.

Gharama iko kwa watu

Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliwahusisha wagonjwa 438 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa kwenye tibakemikali. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa gramu 2 za jinsengi nyekundu kwa siku kwa wiki 16, na nusu vidonge vitupu vilivyofanana nayo. Jinsengi yote iliyohitajika ilikuwa kama kilo 49, mzigo unaoingia kwenye buti la gari dogo. Kilichogharimu ni madaktari, wauguzi, ufuatiliaji na takwimu za miezi kadhaa hospitalini. Nafuu ilionekana katika baadhi ya vipengele vya uchovu, hasa hisia na uwezo wa kutembea.

Upande wa pili yapo mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia ushahidi wa tiba, yaliyofanywa na timu yenye watafiti wa KIOM. Walikusanya majaribio 9 yenye wanaume 587 kuhusu jinsengi na upungufu wa nguvu za kiume, wastani wa watu 65 kwa jaribio. Kwa kutumia vipimo vinavyokubalika, waliona huenda athari yake ni ndogo isiyo na maana. Hili ni mojawapo ya madai yanayotumika kuuza jinsengi, na taasisi ya Korea ilishiriki kulipunguza hadharani. Naliheshimu tokeo hilo kuliko tangazo lolote, kwa sababu taasisi inayoweza kuchapisha "hapana" ndiyo inayostahili kuaminiwa inaposema "ndiyo".

Waswahili husema kizuri chajiuza. Katika biashara ya mimea tiba hakijiuzi, kwa sababu kibaya huvaa jina lilelile na kuuzwa nafuu. Anayenunua bidhaa ya aina hii, na serikali inayotaka kufadhili tafiti zake, wana maswali manne ya kuuliza kabla ya kufungua pochi: ni mmea gani hasa, na nani ameuthibitisha? Dozi ya siku ina miligramu ngapi za kiambato kilichopimwa? Ulijaribiwa kwa watu wangapi, kwa muda gani, ukilinganishwa na nini? Nani alilipa? Muuzaji mwenye majibu manne anauza ushahidi, na ana haki ya kudai bei yake. Asiye nayo auze kama chakula, kwa bei ya chakula.