Somo la filamu A-level: Asilimia 70 ya alama ni mtihani wa kuandika

SOMO la filamu katika ngazi ya A-level nchini Uingereza, ambayo hulingana na kidato cha tano na cha sita, huwavutia vijana wanaotamani kushika kamera. Hata hivyo, anayelichagua kwa matumaini ya kukwepa vitabu hujikuta amekosea njia.

Mtaala wa bodi ya mitihani ya WJEC, unaotolewa kwa jina la Eduqas na ulioanza kufundishwa Septemba 2017, hutoa asilimia 70 ya alama kwa mitihani miwili ya kuandika. Kila mmoja huchukua saa mbili na nusu. Asilimia 30 zilizobaki ndizo za kazi ya vitendo.

Mwanafunzi hujifunza filamu 11 kwa miaka miwili. Miongoni mwake zimo za Hollywood ya zamani, za Uingereza, za hali halisi, zisizo na sauti na za majaribio. Afrika nayo haikusahaulika: orodha ya mwaka 2017 ilikuwa na Timbuktu, filamu ya mwaka 2014 ya mwongozaji Abderrahmane Sissako wa Mauritania.

Kuchambua filamu si kusimulia kisa chake, wala kusema kwamba imependeza. Mwanafunzi hutakiwa kueleza jinsi kamera, mwanga, sauti, uhariri na uigizaji vinavyojenga maana.

Chukua mfano wa Vertigo, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1958. Mhusika mkuu anaogopa vimo virefu. Anapotazama chini kutoka katika ngazi za mnara, kamera inarudi nyuma huku lenzi ikivuta picha karibu. Sakafu inaonekana kudidimia, na mtazamaji hushikwa na kizunguzungu kilekile bila neno kutamkwa. Kueleza uhusiano huo kati ya ufundi na hisia ndiko kunakoleta alama.

Kwa upande wa vitendo, mwanafunzi hutengeneza filamu fupi ya dakika nne hadi tano. Anaweza badala yake kuandika muswada wa filamu wa maneno 1,600 hadi 1,800, ukiambatana na picha zinazoonyesha jinsi sehemu yake muhimu itakavyopigwa. Wenzake wanaruhusiwa kuigiza au kumsaidia vifaa, lakini chini ya maelekezo yake. Kisha huandika tathmini akiipima kazi yake kwa filamu fupi alizosoma. Kati ya alama 60 za sehemu hiyo, 20 ni za tathmini.

Je, vyuo vikuu hulitazamaje somo hili? Mwaka 2011, umoja wa vyuo vikuu wa Russell Group ulitoa orodha ya masomo uliyosema hufungua milango mingi zaidi ya vyuo, na filamu haikuwamo. Orodha hiyo ilifutwa mwaka 2019, baada ya kulaumiwa kwamba ilisababisha masomo ya sanaa kudharauliwa.

Kufutwa kwake hakukuondoa masharti ya kila fani. Anayetaka uhandisi bado huhitaji hisabati. Kwa kuwa wanafunzi wengi wa ngazi hiyo huchukua masomo matatu tu, mzazi na kijana hawana budi kusoma masharti ya chuo wanachokitazamia kabla ya kuchagua, kwani nafasi moja iliyotolewa kwa filamu ni theluthi ya safari nzima.