Moshi Ulio Nje ya Uzio

Kazi yangu ya kwanza ya uendelevu haikuhusu msitu wala barafu inayoyeyuka. Ilihusu daftari. Lilikuwa la mzee mmoja aliyeangalia jenereta katika kiwanda cha mikate, Eneo la Viwanda, Nairobi. Kila umeme ulipokatika aliandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima na lita za dizeli alizomimina. Kurasa zake zilinuka mafuta. Nilimweleza kwamba nataka kujumlisha lita za mwaka mzima ili kampuni itangaze imechafua hewa kiasi gani. Akaniangalia kwa huruma.

"Hili ni jenereta moja tu, mwanangu. Malori je?"

"Malori si yetu, mzee. Ni ya mkandarasi."

"Na mkate uliomo ndani ni wa nani?"

Sikuwa na jibu, na kwa miaka iliyofuata nimegundua kwamba swali lake ndilo swali zima la fani hii.

Fani yenyewe hujulikana kwa herufi tatu za Kiingereza, ESG: mazingira, jamii na utawala. Zilianza kuvuma mwaka 2004, katika ripoti iliyotokana na wito wa Kofi Annan kwa mabenki na wawekezaji wakubwa, wakati huo akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hoja ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya dini: kampuni inayochafua mto, inayowatesa wafanyakazi au yenye bodi ya marafiki wa mkurugenzi inabeba hasara ambayo vitabu vya fedha havijaiona bado. Mwekezaji ana haki ya kuiona mapema.

Kwa muda mrefu kuandika ripoti za ESG kulikuwa hiari, na kila kampuni ilijichagulia la kusema. Mambo yanabadilika. Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu ilitoa viwango viwili, S1 na S2, cha pili kikihusu tabianchi. Soko la Hisa la Nairobi lilikuwa limeshatoa mwongozo wake mwaka 2021, na chama cha wahasibu wa Kenya, ICPAK, kimeweka ratiba inayoyataka makampuni yenye maslahi ya umma yaanze kuvitumia kwa lazima Januari 2027. Fedha nazo zinafuata. Mwaka 2023 benki ya CRDB ya Tanzania ilitafuta shilingi bilioni 40 kwa hatifungani yake ya kijani, wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 171. Fedha zikishaanza kufuata neno "kijani", ni lazima mtu aulize neno hilo lina maana gani.

Turudi kiwandani, maana hapo ndipo hesabu inapoeleweka. Utaratibu unaotumiwa karibu dunia nzima huugawa uchafuzi wa kampuni katika mafungu matatu. La kwanza ni moshi unaotoka kwenye vitu vya kampuni yenyewe: jenereta, tanuri, malori yake. La pili ni umeme inaonunua. La tatu ni mengine yote, kabla na baada ya geti: ngano ilikolimwa, meli iliyoileta, lori la mkandarasi, mfuko wa plastiki na unakoishia.

Fungu la kwanza ni hesabu ya darasa la saba. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Watu hunibishia hapo: lita yenyewe haifiki kilo moja kwenye mizani, itazaaje kilo mbili na ushei? Ni kwamba kaboni iliyo ndani ya mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na oksijeni hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Daftari la mzee lilifika lita elfu hamsini hivi. Zidisha, upate tani 135.

Lakini hata hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Kiwanda kilikuwa na chumba cha baridi cha kuwekea hamira, na fundi wa friji alikuwa akija mara kwa mara "kuongeza gesi". Gesi haiongezwi kama haijavuja. Ikiwa ni aina ya R-404A, ambayo imetumika sana kwenye vyumba vya baridi, kilo moja tu ikitoroka huipasha dunia joto sawa na karibu tani nne za hewa ukaa. Kwa kipimo cha dizeli, hizo ni lita zaidi ya 1,400. Ukitaka kujua kama ripoti ya kampuni imeandikwa na mtu aliyezunguka kiwandani au na mtu aliyekaa ofisini, tazama kama risiti za fundi wa friji zimo.

Fungu la pili, kwa Kenya, ni zawadi. Takribani sehemu tisa kwa kumi za umeme wa gridi hutoka kwenye jotoardhi ya Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na vyanzo vingine visivyo na moshi mwingi. Kwa hiyo kampuni ya Nairobi yaweza kujisifu kwa tarakimu ndogo ambayo mwenzake wa Johannesburg, anayetumia umeme wa makaa ya mawe, ataiota tu. Sioni ubaya wa kuitaja. Naona ubaya wa kuipamba kama jasho la mkurugenzi, wakati jasho ni la wachimba visima wa Olkaria.

Mgogoro wote uko kwenye fungu la tatu. Kwa mkate, sehemu kubwa ya uchafuzi haiko kwenye tanuri, iko shambani. Mbolea ya naitrojeni ikishamwagwa, udongo hurudisha hewani gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto zaidi ya mara 260 kuliko hewa ukaa. Na Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano yake. Kampuni ikinyamazia fungu hili, haijasema uongo hata kwenye mstari mmoja. Imechora tu uzio, ikahesabu kilichobaki ndani.

Uzio huo unasogezeka. Kampuni inauza malori yake kwa mkandarasi, kisha inaanza kumlipa kwa safari. Mwaka unaofuata grafu ya fungu la kwanza inashuka vizuri na mwenyekiti anaandika kuhusu "safari yetu ya kijani". Kwenye barabara ya Mombasa malori ni yaleyale, madereva walewale, moshi uleule. Kiwango cha S2 kinataka fungu la tatu litajwe pia, ila kimeruhusu mwaka wa kwanza wa kujipanga. Nadhani makampuni mengi yatautumia mwaka huo hadi siku ya mwisho.

Upande wa jamii una uzio wake, na huo hunikera zaidi. Ripoti inasema hapakuwa na ajali ya mfanyakazi mwaka mzima. Vibarua wanaopakia unga wameletwa na wakala. Walinzi wa getini wana sare ya kampuni nyingine. Kibarua akivunjika mguu, takwimu za nani zinapanda? Viwango vya ripoti vya GRI, vilivyo vikongwe kuliko vya ile bodi mpya, vinataka wahesabiwe pia watu ambao si waajiriwa wako lakini kazi yao au mahali pao pa kazi viko chini ya mamlaka yako. Huo ni mstari mmoja ambao ningeomba kila mwandishi wa habari za biashara aukariri.

Kinachotokea nje ya uzio si jambo la nadharia. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Mombasa. Pembeni yake kiliendeshwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Madini ya risasi yaliingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Sasa soma ripoti yoyote ya kampuni yenye malori au minara ya simu, tafuta betri zake chakavu. Utakuta maneno kama "zilikabidhiwa kwa mwenye kibali". Kibali ni karatasi. Zilikwenda wapi?

Utasema: si kuna mkaguzi? Yupo, lakini soma anachosema. Nyingi ya ripoti zinazokaguliwa hupewa uhakiki wa kiwango cha chini, ambao lugha yake ni ya kukanusha: hakuna lililotufikia linalotufanya tuamini kwamba taarifa hii ina kasoro kubwa. Ni kama jirani anayeulizwa kama kijana wako ni mwizi, akajibu, "Sijasikia." Isitoshe, mkaguzi hukagua kilicho ndani ya uzio aliochorewa.

Tuzo nazo hazitoshi. Septemba 2015 fahirisi ya uendelevu ya Dow Jones iliiweka Volkswagen kileleni mwa watengeneza magari. Siku chache baadaye mamlaka ya mazingira ya Marekani ikafichua kwamba injini zake za dizeli zilikuwa na programu ya kuhadaa vipimo. Magari milioni 11 duniani yalihusika. Uongo wa wazi namna hiyo ni nadra, ndiyo maana ulitikisa dunia. Uzio ni wa kila siku, na haumtikisi mtu.

Basi ripoti ikikufikia, ruka barua ya mwenyekiti na picha za wanafunzi wanaopanda miche. Nenda nyuma kabisa, kwenye maandishi madogo yanayoeleza ni matawi gani yamehesabiwa, ni wafanyakazi gani, na mwaka gani umefanywa wa kulinganishia. Kama ni 2020, mwaka wa korona ambapo viwanda vingi vilisimama, au kama ni mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote, uliza kwa nini. Ukiwa na hisa moja tu, mlango wa mkutano mkuu uko wazi kwako.

Mwaka ule kiwandani hatukuyahesabu malori. Jedwali lilichapishwa kwa rangi ya kijani kibichi, likiwa na tani 135 za jenereta la mzee, na yeye hakuonyeshwa.